Mali bila Daftari: Habari za Maisha ya Josiah Wedgwood

Wako watu waliofungua duka au karakana, wakauza sana, wakasifiwa na wote. Kisha siku moja milango ikafungwa, wala wenyewe hawakujua fedha zao zilikwenda wapi. Wahenga walinena kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kueleza maisha ya mfinyanzi mmoja wa Uingereza. Jambo hilo nusura limpate katikati ya sifa zake, naye akaokoka kwa kuketi kitako na kuzichungua hesabu zake.

Jina lake ni Josiah Wedgwood. Alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, katika jimbo la Staffordshire, ambako wafinyanzi walikuwa wengi na moshi wa matanuru haukukoma. Baba yake naye alikuwa mfinyanzi, mwenye watoto wengi, na Josiah ndiye kitinda mimba. Mwaka 1739 baba akafariki, na urithi wa Josiah ukawa pauni 20 tu, tena azipate atakapokuwa mtu mzima. Baada ya miaka michache kijana akashikwa na ndui. Akapona, lakini goti lake la kuume likabaki bovu.

Mwaka 1744 akawekwa kwa kaka yake Thomas ajifunze kazi kwa muda wa miaka mitano. Kwa sababu ya goti lile, kukanyaga gurudumu la mfinyanzi kukawa taabu kwake. Basi akageukia kazi ya kupima na kujaribu: udongo gani uchanganywe na udongo gani, rangi gani ivumilie moto, tanuru iwashwe kwa kiasi gani. Majaribio hayo akayaandika kitabuni, kila moja na namba yake. Tabia hii ya kuandika kila jambo ndiyo iliyomfaa baadaye.

Mwaka 1759 akaanza karakana yake mwenyewe katika Burslem. Akatengeneza vyombo vya rangi ya maziwa, vyepesi, laini, vyenye kupendeza macho. Mwaka 1765 Malkia Charlotte akaagiza vyombo vya chai kwake, na tangu hapo vikaitwa vyombo vya Malkia, kila mtu akavitaka. Mwaka 1768 goti likamzidia, waganga wakamkata mguu, na siku zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu. Walakini hakuiacha kazi. Mwaka uliofuata akafungua kiwanda kikubwa alichokiita Etruria. Rafiki yake Thomas Bentley akawa mshirika wake katika vyombo vya mapambo, akaangalia mauzo huko London.

Mwaka 1771 akafanya jambo la ujasiri. Akapeleka mizigo yapata 1,000 kwa wakuu wa nchi za Ujerumani, ambao hawakuiagiza, kila mzigo wa thamani ya pauni 20, akitumaini kwamba watapenda na kulipa. Wengi wao wakalipa hatimaye, lakini malipo yalichukua muda, na fedha iliyo njiani haiwalipi mafundi siku ya mshahara.

Ndipo ukaja mwaka 1772. Katika mwezi wa Juni benki moja kubwa ya London ikavunjika, nyingine zikaifuata, na hofu ikaenea mpaka Scotland na Amsterdam. Wanunuzi wakafunga mikoba yao. Ghala za Wedgwood zikajaa vyombo visivyonunuliwa, na fedha taslimu ikawa haba. Mtu aliyesifiwa na malkia akaiona hatari ya kufilisika.

Wengine wangalikopa zaidi, au wangalipunguza bei kwa kubahatisha. Yeye alikaa na vitabu vyake. Akachukua chombo baada ya chombo, akauliza: udongo wake ni kiasi gani, ujira wa fundi kiasi gani, kalibu, makaa ya mawe, kodi ya nyumba, vyombo vinavyovunjika tanuruni, gharama za kuuza London. Alipokwisha kujumlisha akaona kwamba hapo kwanza bei zake hazikufuatana na gharama. Chombo alichodhani kina faida kubwa, kumbe faida yake ni ndogo.

Tena akagundua jambo ambalo wafanyi biashara wengi wa siku zile hawakulifikiri. Gharama si za namna moja. Ziko zinazoongezeka kadiri kazi inavyoongezeka, kama udongo. Lakini ziko nyingine zinazokwenda kama saa ya ukutani, ufanye kazi nyingi au kidogo: kodi, mshahara wa karani, gharama ya kalibu. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Ikiwa kodi ya karakana ni shilingi 100 kwa juma, na fundi akafanya vyombo 10, kila chombo kinabeba shilingi 10 za kodi. Akifanya vyombo 100, kila kimoja kinabeba shilingi 1 tu. Kwa hiyo Wedgwood akaona kwamba kutengeneza aina nyingi mno, kila aina vichache, ni kujitia hasarani. Afadhali aina chache zilizo na wanunuzi, zitengenezwe kwa wingi. Na kwa kuwa wakuu walikwisha kupata vyombo vyao vya mapambo, akaamua kushusha bei ili watu wa hali ya katikati nao wanunue. Kushusha bei kwa mtu asiyejua gharama ni kamari. Kwa yeye aliyejua, ilikuwa shauri la busara.

Kuchungua huko kukafunua na jambo la aibu. Katika ofisi ya London hesabu hazikuwa sawa, kwa kuwa aliyeaminiwa kukusanya fedha alikuwa ametapanya. Wedgwood akapeleka karani mwingine akague, akaagiza hesabu zikaguliwe kila juma. Kwa njia hizi kiwanda kikapita salama katika mwaka ule mgumu. Mwaka 1774 akamaliza vyombo 952 kwa ajili ya Malkia Catherine wa Urusi, vyote vimechorwa mandhari ya Uingereza.

Wako wasemao kwamba mtu wa hesabu ni mtu wa moyo mgumu. Mwaka 1787 Wedgwood akawa mmoja wa halmashauri iliyoanzishwa London kupigania mwisho wa biashara ya watumwa. Kiwandani mwake kikatengenezwa kibao kidogo chenye sura ya Mwafrika amepiga magoti, amefungwa minyororo, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Vibao hivyo akavitoa bure kwa wingi, na mwaka 1788 akampelekea vingine Benjamin Franklin huko Marekani. Watu wakavivaa, na habari ikaenea. Yeye aliyejua gharama ya kila chombo alijua pia anatoa nini. Alifariki Januari 3, 1795, wala hakuiona sheria ya 1807 ambayo kwayo Bunge la Uingereza lilikataza biashara ile.

Ndugu msomaji, labda wewe huna kiwanda. Una cherehani moja, au kibanda cha kuuza unga, au umekabidhiwa sanduku la sadaka. Andika kila siku kilichoingia na kilichotoka. Tenga fedha ya kazi na fedha ya nyumbani. Hesabu na kodi, na nauli, na vilivyoharibika, kisha ndipo upange bei. Na aliyekabidhiwa fedha za wengine asichukizwe akikaguliwa. Ukaguzi humlinda mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Usingoje mwaka wa shida ndipo ufungue daftari, maana Wedgwood aliweza kusoma vitabu vyake katika shida kwa sababu alikuwa amezoea kuandika tangu siku za raha.