Kinjeketile Ngwale: Habari iliyopita kwa kunong'ona Rufiji

Ukipita kata za Wilaya ya Rufiji, iwe Ngorongo, Utete au Mohoro, jina la Kinjeketile Ngwale halihitaji utambulisho. Wengi wanamjua kama mganga wa maji. Kinachosahaulika ni kwamba ndiye aliyekuwa chanzo cha habari kubwa ya zama zake, katika nchi ambayo mwananchi hakuwa na pa kusemea.

Kinjeketile alikuwa mkazi wa Ngarambe, kusini ya Mto Rufiji. Wazee husimulia kwamba mwaka 1904 alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama kwenye bwawa la mto. Ndugu zake walimtafuta wee, hawakumpata. Kesho yake akatoka majini, nguo zake zikiwa kavu kabisa. Tangu hapo watu wakaanza kumfuata.

Kwa nini walimsikiliza

Wajerumani walikuwa wamebana watu kila upande. Kulikuwa na kodi. Tangu 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, kulikuwa pia na mashamba ya pamba ya lazima. Akida na jumbe walisimamia, viboko vikitembea. Malipo yalikuwa madogo mno, kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea.

Sasa ukiwa na malalamiko, unayapeleka wapi? Kwa akida yule yule aliyekuchapa? Magazeti yalikuwepo, ila si ya mkulima wa Rufiji. Dar es Salaam kulikuwa na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung tangu 1899, gazeti la Kijerumani la walowezi. Tanga kulikuwa na Kiongozi, lililoanza 1904, nalo lilitoka kwenye shule ya serikali.

Basi watu wakatumia njia yao. Wamatumbi waliiita njwiywila: habari ya siri, mtu kwa mtu, sikio kwa sikio. Ujumbe ulikuwa kwamba Ngarambe yuko mtu mwenye dawa, na kwamba watu weusi wote ni wamoja. Misafara ikaanza kumiminika kutoka makabila mbalimbali. Kwa nje ilionekana safari ya kutafuta dawa tu. Kumbe ndani yake mlikuwa na mpango wa kumwondoa Mjerumani.

Uzito na udhaifu wa habari ya siri

Kinjeketile aliwapa watu maji na kuwaambia yangegeuza risasi kuwa maji. Pia aliwaagiza warudi makwao wasubiri amri yake. Agizo la kusubiri halikushika. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita ya Majimaji ikaanza.

Hapo ndipo ubaya wa habari ya kunong'ona ulipoonekana. Njia hiyo ilificha mpango usijulikane kwa serikali, lakini pia ilimnyima mwananchi nafasi ya kuuliza hadharani: hii dawa imejaribiwa wapi? Neno lililopita gizani lilifika mbali, bila mtu wa kulipima.

Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile pale Mohoro. Vita ilikuwa na siku chache tu. Aliyeianzisha kwa maneno hakuiona ikifika Mahenge wala Songea.

Mapigano yaliendelea hadi 1907. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na vyakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wengine wanafikisha 250,000 hadi 300,000.

Serikali ilijibu kwa nani?

Baada ya damu kumwagika, ndipo serikali ikaanza kuuliza chanzo. Tume ikachunguza, mashamba yale ya lazima yakaachwa. Götzen akaondoka, na mwaka 1907 Waziri wa Makoloni, Bernhard Dernburg, akaja mwenyewe kuona koloni. Lakini majibu yalikwenda Berlin. Ngarambe hakuna aliyepewa maelezo.

Simulizi za waliobaki zilikuja kukusanywa miaka ya 1960 na watafiti wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, akiwemo Gilbert Gwassa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia ya Kinjeketile, iliyosomwa na wanafunzi wengi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha akiwa Songea tarehe 1 Novemba 2023, miaka 118 baada ya kitanzi cha Mohoro.

Leo Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila Mtanzania haki ya kutoa maoni na kupewa taarifa za matukio muhimu. Tangu 2016 ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Hata hivyo, Novemba 2017, hapo Kibiti, eneo lililokuwa sehemu ya Rufiji, mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka. Alikuwa akiripoti mauaji yaliyotokea eneo hilo.

Maisha ya Kinjeketile yanaonyesha gharama ya nchi isiyo na pa kusemea. Watawala walichelewa kujua watu wanataka nini, na watu walichelewa kujua kwamba maji hayazuii risasi. Aliyelipa zaidi ni mkulima.