Steere: Mwalimu Mwingereza aliyegeuka mwanafunzi wa Kiswahili Unguja

DKT Edward Steere alipokanyaga ardhi ya Unguja mwishoni mwa Agosti 1864, hakuwa na nia ya kudumu huko. Alikuwa kasisi wa parokia ndogo ya Little Steeping, mashambani Lincolnshire nchini Uingereza, aliyekubali kumsindikiza rafikiye, Askofu William Tozer, kwa muda tu. Mkewe alibaki nyumbani.

Miaka 18 baadaye mwili wake ulilazwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga mwenyewe, mahali palipokuwa soko la watumwa.

Leo jina lake hutajwa zaidi na wanaosomea isimu ya Kiswahili, na mara nyingi kwa sentensi moja tu. Aghalabu husahaulika kwamba kabla ya kuvaa kofia ya uaskofu, Steere alikuwa mwalimu wa shule: mgeni kisiwani, katika joto na homa, akiwafunza Kiingereza na kusoma watoto ambao hawakujua neno la lugha yake, naye hakujua lao.

Alizaliwa London Mei 4, 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka 22 tu, kisha akaingia katika uwakili. Kazi hiyo haikumpendeza. Akaigeukia dini, na mwishoni mwa miaka ya 1850 akawa kasisi msaidizi huko Skegness, karibu na parokia ya Tozer. Urafiki wao ndio uliomfikisha Afrika.

Misheni waliyoitumikia ilizaliwa kutokana na wito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Kundi la kwanza lilipiga kambi Magomero, katika nchi inayoitwa sasa Malawi, na mambo yakaharibika upesi. Askofu Charles Mackenzie alifariki Januari 1862, na wenzake kadhaa wakafuata. Tozer, aliyerithi wadhifa huo, alijaribu kwanza mlima Morambala, Msumbiji, kisha akaamua kuhamia Unguja. Uamuzi huo ulimuudhi Livingstone, naye hakuficha hasira zake. Machoni pake, kuhamia kisiwani kulikuwa sawa na kukimbia.

Huko Unguja, Sultani Majid aliwakabidhi wageni hao wavulana watano waliotwaliwa kutoka jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa shule nzima. Baadaye manowari za Uingereza zilipozidi kuyakamata majahazi baharini, idadi ya watoto iliongezeka, wavulana kwa wasichana.

Inafaa kutua hapa kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba Steere alifundisha Waswahili. La hasha. Wenyeji wa mji walikuwa Waislamu wenye vyuo vyao vya Kurani na maandishi yao ya hati za Kiarabu, wala hawakuwa na haja ya kuwapeleka wana wao kwa padri. Wanafunzi wake walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo wa bara, waliong'olewa makwao wangali wadogo. Hawakuichagua shule hiyo. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, lugha ya njiani na ya sokoni, waliyoiokota katika safari ya utumwa.

Basi mwalimu na wanafunzi walijikuta wakijifunza lugha moja kwa wakati mmoja. Kiingereza kilifundishwa, na baadhi ya vijana walikimudu vyema. Lakini Steere aling'amua mapema kwamba mtoto aliyejazwa Kiingereza kitupu angekuwa mgeni mara mbili: asingekuwa Mwingereza, wala asingeeleweka na watu aliotarajiwa kuwatumikia.

Kwa hivyo alibeba karatasi na wino, akawaendea wenyeji wenye ujuzi wa lugha. Mkononi alikuwa na kazi ya Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850. Steere alitambua kwamba Kimvita alichokiandika Krapf kilitofautiana na maneno aliyoyasikia Unguja. Isitoshe, Krapf aliyaendeleza maneno kwa sikio la Kijerumani. Steere alijiwekea kanuni nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Msomaji anayeandika "chakula" au "shoka" leo anaifuata kanuni hiyo, ajue asijue.

Nyumba ya misheni ilikuwa Shangani, ikielekea bahari. Siku iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi za mikono, na kazi iliyompendeza Steere kuliko zote ilikuwa ya kupiga chapa. Aliufahamu ufundi huo, hata akawafundisha wavulana kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino na kuusukuma mtambo. Hii ilikuwa hila njema ya ualimu. Kijana anayepanga neno herufi kwa herufi, tena kwa kinyume, hawezi kusahau jinsi linavyoendelezwa. Vitabu vya kusomea darasani vilichapwa na wanafunzi wenyewe.

Kutoka katika mtambo huo katika miaka ya 1860 kilitoka kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Kilisimulia kwa Kiswahili tamthilia nne za Shakespeare, zikiwemo za Mfalme Lear na mfanyabiashara wa Venice, kwa kufuata masimulizi yaliyofupishwa na Charles Lamb. Hivyo Shakespeare alikuwa amekwisha kusemeshwa Kiswahili karibu karne nzima kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kuchapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963.

Mwaka 1868 Steere alirejea Uingereza, na wengi wakadhani safari yake imekwisha. Mwaka 1870 vilichapishwa vitabu viwili vilivyompa jina: kitabu cha sarufi na msamiati wa lugha kama ilivyozungumzwa Unguja, na mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa na wenyeji, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza kando. Katika ngano hizo yumo mwalimu Goso, aliyesomesha watoto chini ya mbuyu. Katika sarufi, Steere alizipanga nomino katika ngeli nane, mpangilio ambao walimu wa baadaye waliusahihisha lakini hawakuweza kuupuuza.

Alirudi Unguja mwaka 1872, karibu na wakati tufani kubwa ya Aprili ilipoangusha mikarafuu ya kisiwa na kuharibu majengo mengi. Tozer alikuwa mgonjwa, akajiuzulu mwaka uliofuata. Juni 1873 Sultani Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Sehemu ya kiwanja hicho ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, na sehemu nyingine ikanunuliwa na Kasisi Arthur West kwa fedha zake. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Agosti 24, 1874 Steere alitawazwa kuwa askofu mjini London. Wadhifa haukumtoa katika kazi za mikono. Aliusimamia ujenzi mwenyewe, hasa paa la kuba lililoundwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, ambalo watu wengi walitabiri lingeporomoka. Halikuporomoka. Wageni wanaolitembelea kanisa hilo huonyeshwa nguzo chache zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza siku ambazo askofu hakuwepo.

Alitembea bara pia. Mwaka 1875 alielekea nchi ya Wayao, msafara ukiongozwa na James Chuma, yule aliyeubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Mwaka 1876 aliwapeleka kundi la watumwa walioachwa huru hadi Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, wakaanzishe kijiji. Wasichana walikuwa na shule yao Mbweni, ambako Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kuishi hadi kifo chake mwaka 1926. Wavulana walisomea Kiungani, kusini ya mji. Kwa walimu wapya waliotoka Uingereza, Steere aliandika kitabu cha mazoezi ya Kiswahili mwaka 1878. Mwalimu aliyekuja kufundisha alilazimika kuketi kwanza katika benchi la mwanafunzi.

Wakenya wana sababu ya kuutazama urathi huu kwa jicho la pili. Kimvita kilikuwa na Muyaka bin Haji, na Kiamu kilikuwa na tenzi zake, karne nyingi za ufasaha. Katika kisiwa cha Mombasa mmisionari William Taylor alikipigania Kimvita kwa bidii. Hata hivyo mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930 kuusimamia uamuzi huo. Kiunguja hakikushinda kwa utamu. Kilikuwa kimekwisha kusambaa bara kwa misafara ya biashara, tena kilikuwa na sarufi, vitabu vya shule na mtambo wa chapa, na sehemu kubwa ya hayo ilianzia katika lile darasa la Shangani. Hati za Kiarabu, zilizoihifadhi lugha kwa karne nyingi, zilisukumwa pembeni na alfabeti ya mgeni. Hasara hiyo Steere hakuipima, na huenda hakuiona.

Wanafunzi wake wa awali nao wana historia yao. John Swedi na George Farajallah, waliokuwa miongoni mwa wale wavulana watano, walipewa daraja ya ushemasi mdogo mwaka 1870. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi alipandishwa kuwa shemasi kamili mwaka 1879.

Agosti 1882 Steere alirejea Unguja kutoka Uingereza akiwa amechoka. Siku chache baadaye, Agosti 27, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka 54. Tafsiri yake ya Agano Jipya ilitoka ikiwa kamili mwaka uliofuata, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikachapishwa mwaka 1891. Shule ya Kiungani iliendelea kutoa walimu na makasisi hadi ilipohamishiwa Minaki, bara, mwaka 1925.