Chessman na Hatimkato ya Marehemu

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi kwamba maandishi si usemi wenyewe, bali ni kivuli chake. Sijui mtu aliyelilipia somo hilo ghali kuliko Caryl Chessman wa California, Marekani.

Chessman alizaliwa 1921, na sehemu kubwa ya ujana wake aliipitisha vifungoni. Mwaka wa 1948 alishtakiwa mjini Los Angeles kwa unyang'anyi, utekaji nyara na kuwadhulumu wanawake. Akaamua kujitetea mwenyewe, akapatikana na hatia katika mashtaka 17. Hakuwa ameua mtu, lakini sheria ya jimbo iliruhusu mtekaji nyara aliyemdhuru mwathiriwa ahukumiwe kifo.

Hapo ndipo balaa lilipozuka. Karani aliyenakili kesi kwa hatimkato alifariki kabla ya kufasiri hata nusu ya maandishi yake. Nao wajuzi wa hatimkato wanafahamu kwamba kila mkono una mazoea yake: alama ambayo kwa mwenyewe ni neno, kwa mwingine yaweza kuwa mkwaruzo tu. Kazi akapewa mtu mwingine, tena aliyehusiana kwa ndoa na kiongozi wa mashtaka. Jaji akaidhinisha kumbukumbu hizo bila Chessman wala wakili wake kuwapo. Na ndizo zilizotumiwa kuamua rufani yake!

Akiwa katika gereza la San Quentin alisoma sheria, akaandika vitabu, na akaziomba mahakama za serikali kuu zitoe amri ya habeas corpus, inayomlazimu mkuu wa gereza aeleze ni kwa haki gani anamshikilia mfungwa. Msomaji asidhani ombi hilo huuliza kama mtu aliiba au hakuiba. Huuliza kama njia iliyomfikisha kifungoni ilikuwa halali. Alikataliwa mara kadhaa. Hatimaye, 1957, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 3 kwamba alistahili kushiriki wakati kumbukumbu zilipokuwa zikithibitishwa. Simtetei Chessman, kwani waliodhulumiwa nao walikuwa watu. Ila nashangaa kwamba jambo dhahiri hivyo lilihitaji miaka tisa.

Kumbukumbu zilichunguzwa upya, zikarekebishwa, na hukumu ikabaki palepale. Asubuhi ya tarehe 2 Mei 1960, Jaji Louis Goodman wa mahakama ya serikali kuu alikubali kuahirisha kifo hicho kwa muda mfupi. Katibu wake akakosea nambari ya simu. Gereza lilipopatikana, gesi ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Chessman alikuwa na umri wa miaka 38.