John Maynard Keynes

John Maynard Keynes (5 Juni 1883 – 21 Aprili 1946) alikuwa mwanauchumi kutoka nchi ya Uingereza. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa uchumi jumla, yaani tawi la elimu ya uchumi linalochunguza mapato, ajira na bei katika nchi nzima.

Maisha

Alizaliwa mjini Cambridge, akasoma huko katika King's College. Mwaka 1919 aliwakilisha wizara ya fedha kwenye mkutano wa amani wa Paris, akajiuzulu kwa kuona kwamba fidia iliyodaiwa Ujerumani ilizidi uwezo wake. Mwaka 1925 alimwoa Lydia Lopokova, mcheza baleti kutoka Urusi.

Mafundisho

Katika miaka ya 1930 mamilioni ya watu walikosa kazi. Wanauchumi wengi waliamini kwamba mishahara ikishuka, ajira itarudi yenyewe. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1936 Keynes alipinga wazo hilo. Alieleza kwamba matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine: wote wakibana matumizi kwa pamoja, bidhaa hukosa wanunuzi, viwanda hupunguza wafanyakazi, na hali hiyo yaweza kudumu. Hapo serikali inapaswa kutumia fedha zaidi, hata kwa kukopa, ili watu wapate kazi.

Mwaka 1944, ingawa aliugua moyo, aliongoza ujumbe wa Uingereza kwenye mkutano wa Bretton Woods, Marekani, uliopanga kuundwa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Alifariki miaka miwili baadaye kwa ugonjwa huo.