Mzungu aliyegeuza ngoma kuwa kiapo cha kulinda miti

MITO ya Ruiru, Chania na Thika huanzia katika misitu ya Aberdare na miinuko inayopakana nayo, kisha huteremka kuelekea miji iliyojaa watu. Mkazi wa Kiuu anayefungua mfereji asubuhi huenda asiufikirie msitu hata kidogo. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika eneo hili hili la Kiambu, mtaalamu mmoja wa misitu alitambua kuwa miti ikiisha milimani, watu wa chini nao watataabika.

Mtaalamu huyo ni Richard St. Barbe Baker. Alizaliwa mwaka wa 1889 katika jimbo la Hampshire, Uingereza. Akiwa kijana alikwenda Saskatchewan, Kanada, ambako alisoma na kufanya kazi ya kukata miti. Huko aliona mbuga zilizolimwa bila kuachiwa miti ya kuzuia upepo, na udongo wake ukipeperushwa. Funzo hilo hakulisahau maishani.

Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akajeruhiwa, kisha akasomea elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1920 aliletwa Kenya kuwa afisa msaidizi wa misitu katika serikali ya kikoloni.

Hali aliyoikuta ilikuwa ya kusikitisha. Magari ya moshi ya reli ya Uganda yalikuwa yakila kuni nyingi. Walowezi walikuwa wametwaa ardhi kubwa na kufyeka misitu, nao wenyeji, waliobanwa katika maeneo madogo, walilazimika kulima bila kuupumzisha udongo. Serikali iliyoagiza miti ikatwe ndiyo hiyo hiyo iliyotaka ilindwe, tena kwa amri na faini.

Baker aliona kuwa amri haitaotesha msitu. Alianzisha kitalu cha miche na kuwahimiza wakulima wapande mierezi na mizeituni ya mwituni, ambayo Wakikuyu huita mitarakwa na mitamaiyu, katikati ya mahindi, ili miche itunzwe pamoja na chakula. Hata hivyo, wazee walimjibu kuwa kuotesha miti ni shauri la Mungu. Tangu enzi za mababu msitu ulikuwa ukijirudia wenyewe, na mti kama mugumo uliheshimiwa kwa kuwa ni mahali pa ibada.

Badala ya kubishana nao, aliwasikiliza. Aligundua kuwa jamii hiyo ilikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna mahindi. Kwa nini basi pasiwe na ngoma ya miti? Akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, aliitisha ngoma huko Muguga mnamo Julai 22, 1922. Inasimuliwa kuwa vijana wapatao 3,000 walifika wakiwa wamejipamba.

Kati yao walichaguliwa 50 wa kwanza. Waliahidi kupanda miti 10 kila mwaka na kuilinda miti popote iwapo. Kundi hilo likaitwa Watu wa Miti, na wito wake ukawa Twahamwe, yaani kuvuta kwa pamoja.

Utumishi wa Baker nchini haukudumu. Inasimuliwa kuwa aliingilia kati wakati afisa mkubwa alipotaka kumpiga Mwafrika, pigo likamwangukia yeye, na kisa hicho kikamharibia kazi. Alifanya kazi pia katika misitu ya Nigeria kabla ya kuachana kabisa na utumishi wa kikoloni.

Wazo la Muguga lilivuka bahari. Mwaka wa 1924 tawi la Watu wa Miti lilianzishwa Uingereza, kisha likaenea katika nchi nyingine. Baker alipigania miti mirefu ya kale ya California, Marekani. Mwaka wa 1952 na 1953 aliongoza msafara kupitia jangwa la Sahara, akitaka dunia ikubali kuwa jangwa linaweza kuzuiwa kwa miti. Mwaka wa 2007, miaka 25 baada ya kifo chake, Umoja wa Afrika ulizindua mpango wa Ukuta Mkuu wa Kijani katika ukanda huo.

Alihubiri pia kuwa nchi haina usalama iwapo miti haijafunika angalau thuluthi moja ya ardhi yake, kwa sababu miti hutunza maji, udongo na hali ya hewa. Aliyasema hayo miaka mingi kabla ya mabadiliko ya tabianchi kuwa ajenda ya marais. Alifariki Juni 9, 1982 mjini Saskatoon, Kanada, akiwa na umri wa miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Miaka mitano kabla ya kifo chake, Profesa Wangari Maathai alikuwa ameanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, naye alitegemea nguvu ya wananchi, hasa akina mama wa vijijini. Mnamo 2022 serikali ya Kenya ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 na kufikisha asilimia 30 ya nchi chini ya miti ifikapo 2032. Hesabu ya mwaka wa 2021 ilionyesha kiwango cha asilimia 12.13.

Kupanda bilioni 15 ni kazi ya majembe na miche. Kuitunza hadi ikomae ni kazi nyingine. Vijana wa Muguga hawakuapa kupanda tu, waliapa pia kulinda. Sehemu hiyo ya pili ya kiapo ndiyo itakayoamua kama mito ya Ruiru, Chania na Thika itaendelea kutiririka.