Nathaniel Hawthorne: Fasihi, Urafiki na Siasa za Utumwa

Nathaniel Hawthorne alizaliwa Salem, Massachusetts, tarehe 4 Julai 1804. Katika Chuo cha Bowdoin, alikohitimu mwaka 1825, alifanya urafiki na Franklin Pierce. Urafiki huo ndio uliomfungamanisha na siasa hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa kuwa kalamu haikumpatia riziki ya kutosha, Hawthorne alitegemea vyeo vilivyogawiwa na chama cha Democratic. Mwaka 1846 aliteuliwa kuwa afisa wa forodha Salem. Chama cha Whig kilipotwaa madaraka mwaka 1849, aliachishwa kazi, ndipo akaandika *The Scarlet Letter* (1850), ambayo utangulizi wake unaikejeli ofisi hiyo.

Mwaka 1852 Pierce aligombea urais, naye Hawthorne akamwandikia wasifu wa kampeni. Humo alishikilia kwamba utumwa haukomeshwi kwa mbinu za binadamu, bali utatoweka Mungu atakapopenda. Mwaka huohuo riwaya ya Harriet Beecher Stowe, *Uncle Tom's Cabin*, ilitoa wito ulio kinyume. Pierce alishinda, na mwaka 1853 akamteua rafiki yake kuwa balozi mdogo, Liverpool. Mwaka 1854 alitia saini sheria ya Kansas-Nebraska, iliyofungulia utumwa maeneo mapya.

Vita vilipozuka mwaka 1861, Pierce alichukiwa Kaskazini. Hata hivyo, Hawthorne alitabaruku kwake *Our Old Home* (1863), licha ya maonyo ya mchapishaji. Alifariki tarehe 19 Mei 1864, akiwa safarini na Pierce. Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa kwa marekebisho ya katiba, yaani kwa mkono uleule wa binadamu ambao wasifu wake ulikuwa umeukatia tamaa.