Reginald Moreau
Reginald Ernest Moreau (29 Mei 1897 – 30 Mei 1970) alikuwa mtaalamu wa ndege kutoka Uingereza, ingawa kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa hesabu za jeshi.

Mwaka 1928 alihamia Amani, katika milima ya Usambara (Tanzania). Huko alijiuliza imekuwaje ndege wa msituni wa aina moja wakae kwenye milima iliyo mbalimbali, na hali hawavuki miombo mikavu kama ile ya Nachingwea na Ruangwa. Alieleza kwamba katika enzi ya barafu, Afrika ilipopoa, misitu ya milimani ilishuka ikaungana. Joto liliporudi, miti ya Ulaya ilienea tena kaskazini. Misitu ya huku ikapanda juu ikatengana. Hata hivyo chavua za kale kutoka Uluguru zinaonyesha misitu ya huko haikubadilika sana.